Wali wa Jeshi, Kuku wa Kiraia

Mwishoni mwa Novemba 1889 mpishi mpya alikuwa ameshika jiko la hospitali ya jeshi la Uholanzi mjini Batavia, mji ambao leo tunauita Jakarta. Hapo jikoni akakuta mazoea asiyoyapenda. Mhudumu wa maabara ndogo iliyokuwa ndani ya uwanja wa hospitali alikuwa akija kuchukua wali uliobaki, akaenda kuwamwagia kuku wa daktari. Mpishi akakataa. Wali ule ulikuwa mali ya jeshi, na kuku wale walikuwa raia. Mhudumu akaondoka mikono mitupu, na kuku wakarudishiwa chakula chao cha zamani: mchele wa bei ndogo, usiosuguliwa, wenye ngozi yake.

Kuku hao walikuwa wagonjwa. Kwa zaidi ya miezi minne walikuwa wakiyumba, wakianguka, wakifa. Baada ya mpishi kukataa, ugonjwa ukakoma. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akapona kwelikweli, ingawa mgeni mwenyewe hakujua kwamba ameponya chochote. Alikuwa akilinda sufuria za serikali.

Daktari mwenye kuku, Christiaan Eijkman, alikisimulia kisa hiki hata katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, miaka 40 baadaye. Hakutaja jina la mpishi, wala la mhudumu.

Ili kuona uzito wa sufuria ile ya wali, inabidi kwanza kuujua ugonjwa ulioipeleka maabara Batavia. Beriberi huanza miguuni. Nyayo zinakufa ganzi, misuli ya miguu inalegea, mtu anatembea kama anayekanyaga matope. Wengine hukonda hadi wakabaki mifupa na ngozi, wengine huvimba kwa maji, na kuna ambao moyo unawazidi nguvu wakafa ghafla. Katika karne ya 19 ulikuwa ugonjwa wa kambi, meli, magereza na mashamba makubwa ya Asia. Waholanzi walipoingia vitani na Aceh mwaka 1873, kaskazini mwa Sumatra, beriberi iliwaangusha askari wao na wafungwa waliobebeshwa mizigo kwa wingi kiasi kwamba vita vyenyewe vilikwama. Hilo ndilo lililoishtua serikali. Wanakijiji na vibarua walikuwa wamekufa kwa beriberi muda mrefu bila tume yoyote kuundwa.

Tume ikaja mwaka 1886: Cornelis Pekelharing na Cornelis Winkler, na pamoja nao Eijkman, daktari wa jeshi mwenye umri wa miaka 28. Eijkman alikuwa amewahi kufanya kazi visiwani humo, akarudishwa nyumbani na malaria, kisha akaenda Berlin kujifunza kwa Robert Koch. Nao ulikuwa wakati wa Koch. Kimelea cha kifua kikuu kilikuwa kimetambuliwa mwaka 1882, cha kipindupindu muda mfupi baadaye. Kwa daktari kijana wa miaka ile, ugonjwa unaozuka kambini na kuenea kutoka kitanda hadi kitanda ulikuwa na maelezo mamoja tu: kuna kijidudu, kakitafute. Pekelharing na Winkler walitafuta, wakaona walichodhani ni bakteria katika damu ya wagonjwa, wakashauri majengo yasafishwe kwa dawa, wakapanda meli kurudi Uholanzi mwaka 1887. Eijkman akaachwa kumalizia. Januari 1888 maabara yake ikawa taasisi rasmi, naye mkurugenzi wake, huku akisimamia pia shule ya kufundishia madaktari wa Kijava.

Alianza na sungura na nyani. Aliwachoma sindano za vijidudu vya tume, akangoja. Matokeo hayakueleweka, na wanyama wale walikuwa ghali. Akahamia kuku kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na sayansi: kuku ni rahisi kupatikana na ni rahisi kuwaweka wengi. Hapo tayari kuna bahati ya kwanza ya kisa hiki. Kuku akinyimwa kile ambacho mchele mweupe umekosa, hudhoofika katika muda wa wiki tatu au nne. Kama Eijkman angekuwa na mnyama mvumilivu zaidi, asingeona kitu.

Tarehe 10 Julai 1889 kuku wakaanza kuugua. Kwanza mwendo ukawa wa kulegalega. Kisha kuku anashindwa kuruka kwenye kijiti chake cha kulalia, anachuchumaa magoti yakiwa yamekunjamana, anaanguka ubavu, anapiga mabawa bila kuweza kusimama. Pumzi inakuwa nzito, kilemba kinageuka rangi ya zambarau, na kwa kawaida hafiki mbali baada ya hapo. Eijkman alipopasua na kutazama mishipa ya fahamu kwa hadubini, akaona imeharibika kama ile ya wagonjwa wa beriberi. Unaweza kuwaza furaha yake. Lakini furaha ilikuwa na kasoro. Kuku waliochomwa sindano waliugua, na kuku ambao hawakuchomwa chochote waliugua vilevile.

Akafikiri wameambukizana. Akawatenga, kila mmoja tundu lake. Wakaugua. Akawapeleka wengine mahali mbali na maabara. Nao wakaugua. Mtu aliyefundishwa na Koch angeweza kuhitimisha kwamba kijidudu kimeenea uwanja mzima, na Eijkman alielekea kufikiri hivyo. Kisha, mwisho wa Novemba, alipokuwa anajiandaa kwa majaribio zaidi, ugonjwa ukatoweka. Waliokuwa wagonjwa wakapona. Wapya waliochomwa sindano wakakataa kuugua.

Hapa ndipo alipofanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko yote aliyoyafanya baadaye. Alimuuliza mhudumu. Majaribio ya maabara zile yalikuwa na daftari la sindano, daftari la vipimo vya joto, daftari la upasuaji. Chakula cha kuku hakikuwa na daftari, kwa kuwa kuku hula, na kazi ya kuwalisha ni ya mtu asiyevaa koti jeupe. Mhudumu akaeleza kwamba, ili kuokoa fedha, kuanzia tarehe 17 Juni alikuwa akiwapa kuku wali wa jikoni, hadi mpishi mpya alipokatalia tarehe 27 Novemba. Linganisha tarehe. Wali ulianza tarehe 17 Juni, ugonjwa ukazuka tarehe 10 Julai. Wali ulikoma tarehe 27 Novemba, na ugonjwa ukaisha katika siku zile zile za mwisho wa mwezi.

Lugha yetu ina bahati katika habari hii. Kilichomo shambani ni mpunga, kilichomo gunani ni mchele, kilichomo sahani ni wali, na hakuna Mswahili anayechanganya vitatu hivi. Mzungu ana neno moja kwa vyote, na nusu ya kazi ya Eijkman ilikuwa kupambanua ni kipi hasa kati ya hivyo kinachodhuru. Je, ni kupika? Akawapa kuku mchele mweupe mbichi, wakaugua vilevile. Je, ni wali uliolala? Hapana. Je, ni maji ya kupikia? Hapana. Akafika kwenye tofauti moja: mchele wa hospitali ulikuwa umesuguliwa na mashine hadi ukawa mweupe, na ule wa zamani ulikuwa umevuliwa ganda la nje tu, ukabaki na ile ngozi nyembamba ya ndani. Akarudisha pumba za mchele kwenye lishe ya kuku wagonjwa. Wakasimama.

Anayejua kinu na mchi ataona mara moja kilichotokea. Wanawake wa vijijini Java walitwanga mpunga kwa mkono, wakapepeta, na mchele uliotoka ulikuwa na mabaka ya ngozi yake kwa sababu mkono huchoka kabla ngozi haijaisha. Mashine ya mvuke haichoki. Mashine hizo zilienea Asia ya Kusini-Mashariki katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na mchele wake ulipendwa na jeshi kwa sababu za maana kabisa: ulikuwa safi, ulikuwa mweupe, ulihifadhika muda mrefu ghalani bila mafuta ya ile ngozi kuchacha. Wali mweupe ulikuwa chakula cha heshima. Na pumba walipewa mifugo, kama sisi hapa tunavyokula sembe na kuwapa kuku na ng'ombe kile tulichokiondoa. Kwa miezi ile ya 1889, kuku wa Batavia walipata heshima ya kula chakula cha wakubwa, na heshima hiyo ikawaua.

Eijkman hakulielewa alilolipata. Hili hupitwa haraka katika vitabu vya shule, ambavyo humfanya mgunduzi wa vitamini. Aliona kwamba hata kuku waliolishwa wanga wa sago au wa muhogo waliugua, na waliokula nyama hawakuugua. Kwa hiyo akasema: wanga una sumu, au unazaa sumu tumboni, na ngozi ya mchele ina dawa ya kuiua sumu hiyo. Ni maelezo yanayolingana na kila alichokiona. Lakini ni maelezo ya mtu ambaye bado anamtafuta adui. Wazo kwamba kiumbe anaweza kufa kwa sababu ya kitu ambacho hakipo, tena akiwa ameshiba, halikuwa na mahali pa kukaa katika fikra za wakati ule. Wataalamu walijua protini, mafuta, wanga na chumvi, walikuwa wamevipima, na mchele mweupe ulikuwa na vya kutosha.

Wenzake walimkejeli. Kuku si mtu, walisema, na ugonjwa wa kuku si beriberi. Kulikuwa na namna moja ya kujibu. Mwaka 1895 Eijkman alizungumza na Adolphe Vorderman, mkaguzi wa huduma za afya za kiraia Java, ambaye kazi yake ilimpeleka magerezani. Vorderman alijua kwamba magereza ya Java hayakula mchele mmoja. Yalifuata desturi ya eneo, mahali pengine mweupe, mahali pengine wenye ngozi, mahali pengine mchanganyiko. Mwaka 1896 akazunguka gereza baada ya gereza, 101 kwa jumla, zenye wafungwa karibu 280,000. Hakuridhika na maneno ya mabwana jela. Alichukua sampuli za mchele akazitazama mwenyewe. Akaandika pia umri wa majengo, upitaji wa hewa na msongamano, ili wale wa kijidudu wasije wakasema hakuangalia.

Takwimu zake bado zinatisha kuzisoma. Katika magereza 37 yaliyokula mchele wenye ngozi, beriberi ilikuwamo katika 1. Katika 13 ya mchanganyiko, ilikuwamo katika 6. Katika 51 ya mchele mweupe, ilikuwamo katika 36. Ukihesabu vichwa, chini ya mfungwa mmoja kati ya 10,000 aliugua katika kundi la kwanza. Katika kundi la mwisho, mmoja kati ya 39. Umri wa majengo, hewa, msongamano, hakuna kilichobadilisha picha.

Tusimame hapa kidogo. Kila mtu katika utafiti huu, mwenye manyoya au asiye nayo, ana jambo moja linalomfungamanisha na wengine: hali anachotaka, hula anachopewa. Ndiyo maana gereza liliweza kuthibitisha lililoonekana kwenye tundu. Mtu huru wa Java aliyekula mchele mweupe alikuwa pia na samaki mdogo, majani ya shambani, tunda la jirani. Alijitibu bila kujua. Mfungwa hana jirani. Yeyote aliyewahi kula bwenini ugali na maharage siku sita kwa wiki analijua jambo hili kwa kiasi chake. Tofauti ni kwamba mwanafunzi ana kaka anayemletea andazi siku ya kutembelewa. Elimu ya lishe, tangu ianze, imesimama juu ya migongo ya wasio na andazi.

Eijkman hakuwapo Java takwimu zilipochapishwa. Aliondoka mwaka 1896 akiwa mgonjwa tena. Nafasi yake katika majaribio ya kuku ilishikwa na Gerrit Grijns, mtu mtulivu ambaye jina lake halijulikani hata robo ya linavyojulikana la Eijkman. Grijns alirudia kila kitu. Akawapa kuku nyama iliyopikwa kwa mvuke wa shinikizo, joto la nyuzi 120, na kuku wakaugua. Nyama hiyo haikuwa na wanga, basi sumu ya wanga ilitoka wapi? Akajaribu nafaka na mikunde moja baada ya nyingine, akagundua kwamba choroko, ambazo Wajava huziita kacang hijau, huwaponya kuku kama pumba zinavyowaponya. Mwaka 1901 akaandika wazo ambalo bosi wake wa zamani hakuthubutu kulifikia: katika vyakula vya asili kuna vitu ambavyo vikikosekana mishipa ya fahamu huharibika, na vitu hivyo huvunjika kwa urahisi. Hakuna sumu. Kuna pengo.

Eijkman alichukua miaka kukubali. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929 alipewa yeye pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins. Grijns, aliyekuwa hai, hakupewa. Eijkman mwenyewe alikuwa mgonjwa mno kusafiri hadi Stockholm, akafariki mwaka uliofuata.

Choroko zilikwenda moja kwa moja kutoka tundu la kuku hadi kwa watu. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Buitenzorg, mji unaoitwa leo Bogor, daktari Hulshoff Pol aligawa majengo mwaka 1902: baadhi ya wagonjwa wakaongezewa choroko kila siku, wengine mboga za majani, wengine majengo yao yakasafishwa kwa dawa, wengine wakaachwa kama walivyo. Waliokula choroko hawakupata beriberi. Walioachwa kama walivyo waliipata. Siwezi kuusoma ushahidi huu bila kugawanyika. Ni jaribio safi, limepangwa vizuri kuliko mengi ya wakati wake, na limeokoa watu. Na kuna mabweni ambayo watu wake walikuwa upande wa kulinganishiwa, hawakuulizwa, na wakafa ganzi miguu ili mstari wa jedwali ukamilike.

Kuku wa Batavia walianzisha desturi iliyosafiri. Axel Holst, profesa wa Oslo, mji ulioitwa Kristiania wakati ule, alifika Batavia, akaona kazi ya Grijns, akarudi nyumbani akitaka kuchunguza beriberi ya mabaharia wa Norway. Njiwa hawakumpa alichotaka. Yeye na daktari wa watoto Theodor Frølich wakajaribu simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa sana nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Wakawapa nafaka na mkate tu. Simbilisi hawakupata beriberi. Walipata kiseyeye: fizi zikavimba, meno yakalegea, damu ikavuja kwenye viungo. Wakipewa kabichi mbichi au ndimu, wakapona. Hiyo ilikuwa mwaka 1907, na bahati yake haipungui ile ya mpishi. Karibu kila mnyama wa maabara hujitengenezea mwilini vitamini C yake mwenyewe; panya hufanya hivyo, mbwa hufanya hivyo, kuku pia. Simbilisi hawezi, kama sisi. Kama Holst angechagua panya, angeweza kuwalisha nafaka hadi leo asione fizi moja ikivuja.

Hopkins, huko Cambridge, alichukua njia nyingine. Badala ya kungoja jiko limletee siri, alitengeneza chakula kikavu kabisa kisicho na siri: protini ya maziwa iliyosafishwa, wanga, sukari, mafuta ya nguruwe, chumvi. Kila kitu kilichojulikana kuwa chakula kilikuwamo, na hakuna kingine. Panya wachanga waliopewa hicho tu waliacha kukua. Kundi la pili lilipewa hichohicho pamoja na maziwa kidogo kila siku, chini ya kijiko kimoja cha chai, nalo likakua. Siku ya 18 akabadilisha: maziwa yakaondolewa kwa wa pili yakapewa wa kwanza. Mistari miwili ya grafu yake ya mwaka 1912 inapishana kama watu wawili wanaopeana nafasi mlangoni. Mwaka huohuo Casimir Funk, Mpolandi aliyefanya kazi London na njiwa waliolishwa mchele mweupe, akalipa lile pengo jina: vitamini.

Marekani nako Elmer McCollum alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Wisconsin, na wakubwa wake walimkatalia panya. Panya ni adui wa mkulima, walisema, na kodi ya mkulima haiwezi kumlisha. Akajaribu kunasa panya wa zizini, wakali mno, kisha akanunua panya weupe 12 kwa muuza wanyama wa Chicago kwa fedha yake mwenyewe. Aliyewatunza panya hao kwa miaka, bila mshahara kwa sehemu kubwa ya muda, alikuwa mwanamke kijana, Marguerite Davis. Mwaka 1913 wakatangaza kwamba siagi na kiini cha yai vina kitu cha lazima kwa ukuaji ambacho mafuta ya nguruwe hayana. Ndiyo vitamini A. Lakini kwa muda walidhani hicho ndicho pekee kinachohitajika, kwa kuwa panya wao walistawi bila lile pengo la pili, la Batavia. Sababu ilikuwa kwenye bakuli tena. Sukari ya maziwa waliyoiweka kama kiungo safi haikuwa safi. Ilikuwa imebeba kidogo cha kitu kilekile kilichokuwa kwenye pumba za mchele.

Ungetarajia kwamba baada ya vitamini zote kupata majina na bei, bakuli la mnyama wa maabara lingeacha kushangaza watu. Mwaka 1977 kamati ya wanalishe wa Marekani ilichapisha chakula cha kanuni kwa panya, AIN-76, ili maabara zote duniani zilishe kitu kimoja na matokeo yalingane. Kila kirutubisho kiliorodheshwa kwa uzito. Muda si mrefu panya katika baadhi ya maabara wakaanza kuvuja damu: vitamini K iliyowekwa ilikuwa haitoshi, ikabidi iongezwe. Panya jike wakaota chembe za kalsiamu kwenye figo. Nusu ya chakula hicho ilikuwa sukari. Mwaka 1993 kanuni hiyo ikaandikwa upya. Siku hizi mfuko wa chakula cha simbilisi huandikwa tarehe ya kusagwa, na desturi ya muda mrefu ni kuumaliza ndani ya siku 90, kwa sababu vitamini C huisha kimyakimya ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Daftari ambalo Eijkman hakuwa nalo sasa lipo, na aliye makini hulijaza.

Batavia nayo haikuacha swali lake. Katika maabara ileile, Barend Jansen na Willem Donath walitaka kukishika mkononi kitu ambacho pumba zinacho. Tatizo lilikuwa kupima. Kila hatua ya kuchuja ilihitaji mnyama wa kuonja, na kuku alichukua wiki nyingi na chakula kingi. Wakachagua bondol, ndege wadogo wala mpunga ambao wakulima wa Java huwafukuza mashambani kwa kelele, kama wakulima wetu wanavyowafukuza kwelea. Bondol akilishwa mchele mweupe tu huugua katika muda wa siku kumi hivi, na kwa kuwa ni mdogo sana, hata chembe ya dawa inatosha kuonyesha kama ipo au haipo. Kwa ndege hao walifuata kitu hicho kutoka chombo hadi chombo, wakitupa kilichowaacha ndege wagonjwa, wakihifadhi kilichowasimamisha.

Walianza na kilo 300 za pumba za mchele. Mwaka 1926 walimaliza wakiwa na fuwele za kama miligramu 100, uzito wa punje chache za mchele. Ndiyo thiamini, vitamini B1. Sehemu ya fuwele hizo waliituma Uholanzi kwa Eijkman, aliyekuwa bado profesa wa Utrecht na umri wake unakaribia miaka 70. Akachukua ndege waliokuwa wakila mchele mweupe, akawapa. Ndege wakasimama.